Kitambaa Hakimezi Joto

Kuna imani iliyoingia Kisangani kupitia simu za mkononi, na sasa inasemwa kwa kujiamini hata na watu waliokaa darasani miaka mingi: kwamba droni yenye kamera ya joto haimwoni mtu aliyejifunika vitambaa vya kutosha. Ukivaa tabaka moja inakuona. Ukivaa matatu inakuona kwa shida. Ukifikisha matano, na katikati ukaweka lile blanketi jembamba la kung'aa linalogawiwa wakati wa maafa, umetoweka. Droni itapita juu yako na kwenda zake. Imani hii haisemwi kama uganga. Inasemwa kama fizikia, na ndiyo maana inanikera. Nitaipinga kwa fizikia hiyohiyo, na nitaonyesha kwamba kama kuna mji uliopaswa kuuacha ushauri huu mapema, ni huu wetu wa kando ya maporomoko ya Wagenia.

Hofu iliyo nyuma yake siichezei. Tarehe 3 Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha kutoka Goma droni yake ya kwanza ya upelelezi, aina ya Falco kutoka Italia, isiyo na silaha lakini yenye jicho la kuona usiku. Miaka iliyofuata zilikuja nyingine ambazo hazikuja kutazama tu. Leo pande zinazopigana mashariki mwa nchi zinazo droni za kushambulia, na mtu anayesafiri barabara ya Ituri na mizigo yake juu ya pikipiki ana haki ya kuuliza kile kinachonguruma angani kinaona nini. Swali lake ni halali. Jibu analopewa ndilo baya.

Watetezi wa vitambaa wana hoja moja nzuri, na nianze nayo, maana nyingine zote zinaitegemea. Wanasema: mtazame mama anayeuza wali sokoni. Anatoka nyumbani na sufuria ya moto, anaizungushia kikwembe, juu ya kikwembe blanketi, juu ya blanketi gunia, anaitia katika kapu. Saa nne asubuhi ukiligusa gunia kwa nje husikii joto, na akifunua, wali bado unatoa mvuke. Joto limefungiwa ndani. Basi mtu naye afungwe vivyo hivyo.

Mfano ni mzuri, ila wameusoma nusu. Kwanza, gunia lile lina joto kuliko hewa. Kiasi ni kidogo tu, kiganja hakikitambui. Pili, rudi saa kumi jioni. Wali umepoa. Joto lote lile limekwenda wapi kama halikupita katika gunia lilelile lililosemwa kuwa limelifungia? Limepita, polepole, na kila chembe yake imejitokeza kwanza kwenye uso wa tabaka la mwisho kabla ya kwenda zake. Hakuna kitambaa kinachomeza joto. Kitambaa hulichelewesha, na mcheleweshaji mkubwa hata si uzi, ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi na kati ya tabaka moja na jingine. Tatu, na hapa mfano unawageukia wenyewe, sufuria ya mama imeshaepuliwa. Haizalishi joto jipya. Mtu aliye hai bado yuko mekoni, na makaa hayazimwi mpaka afe. Akikaa tu bila kufanya kitu, mwili wake hutoa takriban wati 100 za joto. Akitembea na mzigo, kiasi hicho huzidi mara mbili au tatu. Joto hilo sharti litoke.

Kwa hiyo swali wanalouliza, tabaka ngapi zitalizuia joto, ni swali bovu tangu mwanzo. Kamera haina habari na kilichofungiwa ndani. Inapokea mionzi ya infraredi inayotoka kwenye uso wa nje wa kila kitu kilicho mbele yake, hasa ile yenye urefu wa wimbi wa maikromita 8 hadi 14, kwa sababu vitu vyenye joto la kawaida la dunia yetu hutoa mionzi yao mingi katika upeo huo. Kisha inalinganisha: uso huu na jani lililo jirani, na udongo, na ukuta wa matofali. Penye tofauti, umbo hujitokeza, jeupe likiwa na joto zaidi, jeusi likiwa na joto pungufu. Anayetaka asionekane hahitaji kuwa baridi. Anahitaji uso wake wa nje ulingane na kilicho jirani naye, kila upande, kila dakika, akiwa amelala na akiwa anatembea. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na idadi ya vitambaa haiifanyi.

Tuweke hesabu mezani. Chukua usiku wa Kisangani usio na upepo, hewa ikiwa na digrii 25 na ngozi ya mtu digrii 34. Wataalamu wa mavazi wana kipimo wanachokiita klo, kilichobuniwa mwaka 1941. Klo moja ni kama suti kamili ya ofisini, koti, suruali na shati. Mwenye klo moja, uso wa nje wa nguo zake utakuwa na digrii 4 hivi zaidi ya hewa. Akizidisha mavazi mara mbili, tofauti haikatiki nusu. Inashuka mpaka kama 2.5. Akivaa klo nne, yaani mavazi ya mtu anayekwenda kulala juu ya barafu karibu na ncha ya dunia, bado amebakiwa na digrii 1.4. Na kamera ya joto ya siku hizi, hata isiyo ya kijeshi, huweza kutofautisha sehemu ya ishirini ya digrii moja. Yule aliyevaa klo nne anaonekana bila taabu. Na hapo sijataja uso alioacha wazi ili apumue, ambao una digrii 9 zaidi ya hewa, wala pumzi yenyewe inayopasha moto kila inachokipuliza.

Watajibu kwamba hesabu ni hesabu tu. Haya, twende Kenya. Maasai Mara iko juu, usiku wake una baridi tusiyoijua sisi wa bonde la Kongo, na mtu anayetembea huko saa nane za usiku havai shati jepesi. Tangu mwaka 2016 askari wa hifadhi hiyo wanatumia kamera za joto kuwasaka majangili gizani, na wanawakamata. Kama koti na shuka vingetosha kumficha mtu, kazi hiyo ingekuwa imeachwa zamani.

Sasa gharama. Katika ile klo nne, joto linalopenya nguo ni kama wati 12 tu kwa kila mita ya mraba ya mwili, wakati mwili uliopumzika unazalisha karibu 58. Tofauti hiyo kazi yake ni kuondolewa na jasho. Lakini jasho halipoozi kwa kutoka. Linapooza kwa kukauka, na chini ya matabaka matano, katika hewa ya Kisangani iliyokwisha kushiba unyevu mwaka mzima, litakaukia wapi? Lisipokauka, joto la mwili hupanda takriban digrii moja kila baada ya saa moja, na hilo ni kwa mtu aliyelala kimya. Baada ya muda wa saa tatu amefika digrii 40, anaweweseka. Anayetembea na mtoto mgongoni hafiki saa tatu.

Mwenye shaka awaulize wauguzi waliofanya kazi katika vituo vya Ebola vya Beni na Butembo kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Lile vazi la kinga si zito. Ni jembamba, jepesi, ila limefunga mwili wote na halipitishi mvuke. Kanuni ya kazi ilikuwa kuingia nalo kwa muda wa saa moja hivi, mara nyingi chini ya hapo, kisha mtu atolewe, avuliwe, anywe maji. Walikuwa watu wazima wenye afya, wamefundishwa, na nje kuna mwenzao anayewahesabia dakika. Mshauri wa mitandaoni anamwambia mama mjamzito ajifunge hivyo usiku kucha msituni, peke yake.

Kuna wanaokwepa hapo kwa kusema: lowesha blanketi la nje, maji yatalipooza. Huu ndio ushauri ninaousikia zaidi, na ndio usiojua kabisa uko wapi. Maji hupooza kitambaa yanapogeuka mvuke. Mahali pakavu kama Dodoma, blanketi lililoloweshwa litapoa mpaka liwe na baridi kuliko kila kitu kilicho karibu, na katika kamera litaonekana kama doa jeusi lenye ukubwa wa mtu. Kisangani usiku, hewa ikiwa imejaa unyevu karibu pomoni, maji hayo hayakauki kwa maana. Yanachofanya ni kufukuza ile hewa iliyonaswa kati ya nyuzi na kukaa mahali pake. Na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Joto la mwili sasa limepata daraja la kufikia uso wa nje. Kwa hiyo blanketi bichi linakuchora kwa rangi nyeusi Dodoma na kwa rangi nyeupe Kisangani, na sehemu zote mbili umekesha unatetemeka au unaugua kifua. Na mvua, ambayo kwetu hunyesha mwezi wowote inaotaka, itakulowesha hata kama hukuwa na nia.

Blanketi la kung'aa linastahili maneno yake, maana limepata sifa isiyo yake. Liliundwa kumpa joto mtu aliyeokolewa kwenye baridi, na kazi hiyo linaifanya vizuri: utando wake wa aluminiamu hautoi mionzi mingi, unairudisha ilikotoka. Wanaolisifu hukomea hapo. Hawaulizi uso wake wa nje unarudisha nini. Unarudisha anga. Na anga, hata letu hili la mawingu na unyevu, lina baridi ya digrii kadhaa kuliko majani ya chini. Usiku likiwa wazi, baridi yake huzidi. Aliyejifunika foili hiyo mahali pa wazi amejitandaza kipande cha mbingu juu ya ardhi yenye joto, kikiwa na mikunjo inayometameta kila anapopumua. Katika vita vya Ukraine picha za droni zimeonyesha askari waliovaa majoho yaliyotengenezwa makusudi kuzuia joto wakitembea kama vivuli vyeusi, wazi kabisa, kwa sababu majoho yao yalikuwa na baridi kuliko shamba walilolivuka. Na wale walikuwa na viwanda nyuma yao. Wewe una foili ya msaada na sindano ya nguo.

Wengine hutundika plastiki nyeusi nyembamba wakidhani kwamba kisichopitisha mwanga hakipitishi kitu. Mkono uliotiwa katika mfuko mweusi wa plastiki unaonekana katika kamera ya joto vidole vyote vitano. Na kioo cha dirisha, kinachotupitishia mwanga wote, kwa kamera hiyo ni ukuta. Jicho letu si mwamuzi wa kesi hii.

Hilo linaondoa na ubishi wa rangi. Kisangani ni mji wa kitambaa. Kiwanda cha SOTEXKI kimewavalisha mama zetu, na mtu wa huku anajua pamba njema kwa kuishika. Lakini katika mionzi ya joto, kikwembe chekundu, cheupe na chenye maua yote ya dunia ni kitu kimoja, kwa sababu pamba hutoa mionzi karibu sawa na ngozi bila kujali rangi iliyotiwa. Madoadoa ya sare za kijeshi nayo hufutika. Kamera inaona joto la uso wa pamba, basi. Kwa hiyo yule anayeshauri tabaka la nje liwe la kijani usiku anazungumza na macho ya binadamu, ambayo saa hizo hayako angani.

Nikiri lililo kweli. Sayansi ya kuficha joto ipo, na majeshi yanainunua. Kampuni ya Saab ya Uswidi hutengeneza mifumo ya nyavu za aina hiyo, iitwayo Barracuda, ya kufunika magari na mitambo. Ila soma inavyofanya kazi. Wavu hauvaliwi, unatundikwa mbali na kitu chenye joto, hewa ipite katikati na kulichukua kabla halijaufikia. Una matundu na vipande vipande, ili uso wake upoe na kupata joto pamoja na majani, na umbo la gari livunjike. Sehemu zake hutoa mionzi kwa viwango mbalimbali, kama kichaka kinavyofanya. Kila moja ya kanuni hizo ni kinyume cha kujifunga matabaka. Mwenye wavu anaacha joto litoke na kutawanyika. Mwenye matabaka analikusanya, analipa umbo la mwili wake, na kulibeba akitembea nalo.

Na kama kuna kinachowazuia wenye kamera kweli katika mkoa wetu wa Tshopo, ni msitu. Majani ya miti mikubwa hayapitishi mionzi ya joto; yenyewe hupumua maji na kukaa karibu na joto la hewa. Ukungu mzito na mvua kubwa hupunguza umbali wa kamera kuona. Hayo hayahitaji kununuliwa na hayauzwi sokoni, labda ndiyo sababu hakuna anayeyahubiri.

Mji huu una kumbukumbu ya jambo linalofanana. Agosti 1964 wapiganaji wa Simba waliingia hapa, wakati huo pakiitwa Stanleyville, wakiwa wamenyunyiziwa dawa waliyoamini kwamba inageuza risasi kuwa maji. Dawa ilikuwa na masharti mengi, na aliyepigwa risasi akafa ilielezwa kwamba alivunja sharti. Hivyo dawa haikushindwa kamwe. Aliyeshindwa alikuwa marehemu. Novemba 24 mwaka huohuo askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka kutoka ndege za Marekani, na mengine tunayajua. Sisemi kwamba vitambaa ni uchawi. Nasema wanaovitetea wameazima hoja ileile. Ukiwaambia fulani alionekana, watauliza: alivaa tabaka ngapi? Tatu? Angevaa tano. Tano? Hakuweka foili. Aliiweka? Aliiweka upande usio wake. Nadharia ambayo kila maiti ni kosa la maiti haiwezi kupimwa, na isiyoweza kupimwa isijiite fizikia.

Nimeacha mwisho lile linalonisumbua zaidi. Wanaopewa ushauri huu wengi wao ni raia: wachuuzi, wanafunzi, familia zinazokimbia na shitingi zao. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, ya nyongeza kwa Mikataba ya Geneva, inasema kwamba panapokuwa na shaka kama mtu ni raia, ahesabiwe raia. Sheria hiyo huvunjwa, naijua nchi yangu. Lakini kinga yote ndogo aliyo nayo raia mbele ya mtu anayetazama kioo umbali wa kilomita nyingi iko katika kuonekana alivyo: mama na watoto wa urefu mbalimbali, baiskeli ya toleka yenye shehena ya mihogo, watu wanaotembea barabarani bila kujificha. Yule opereta haoni sura wala kitambulisho. Anaona maumbo na mienendo. Umbo lililolala kifudifudi kando ya njia chini ya kifuniko cha ajabu, lenye ubaridi mahali pasipopaswa kuwa na ubaridi, halimwambii kwamba hapa kuna mchuuzi mwenye hofu. Linamwambia kwamba kuna mtu aliyefundishwa kujificha. Raia amelipa pesa zake ili afanane na mpiganaji.

Ndiyo maana siwezi kuuacha ubishi huu upite kama porojo za vijana chini ya mwembe. Mtu asiyejifunika ovyo anabaki na akili yake: anachagua saa ya safari, anauliza habari za njia, anakaa mbali na kambi na magari ya kijeshi, kwa sababu droni nyingi zinatafuta hayo kabla ya kumtafuta yeye. Aliyeaminishwa kwamba haonekani huacha tahadhari zote hizo, na hupita karibu na kambi usiku akijiona kivuli.

Kwa wanaouza vifurushi vya vitambaa na foili vya kujificha droni, na wanaovisifia, nina ombi moja. Vile vibunduki vya kupimia homa vilivyotumika wakati wa Ebola na wa Korona bado viko mjini, na vingi vina kitufe cha kupimia vitu badala ya watu. Chagueni siku yoyote, soko kuu, saa sita mchana. Muuzaji aingie mwenyewe ndani ya tabaka zake tano, za pamba au blanketi, akae nusu saa mbele ya wateja, kisha apimwe uso wa nje wa nguo zake kifuani na mgongoni, na pembeni upimwe ukuta ulio kivulini. Namba zikilingana, nitanunua. Zisipolingana, arudishe pesa za watu, na apewe maji ya kunywa upesi.